Pikapu au Gari la Juu? Hesabu Safari Zako Kwanza

Leo hatutazungumza habari za mbegu wala mbolea. Tutazungumza habari ya chombo kinachobeba mbegu na mbolea hiyo, yaani gari.

Mkulima amejiwekea akiba miaka mingi, na sasa anataka gari lake la kwanza. Je, anunue pikapu ya mizigo, au anunue lile ambalo siku hizi watu huliita gari la juu, lenye bodi iliyofunikwa na viti vitano au saba?

Nitawasimulia habari ya nyumba moja pale Majengo, mjini Moshi. Mzee wa nyumba hiyo, kama wenzake wengi, ana kihamba mlimani upande wa Kibosho, penye migomba, kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa bandani. Tena ana shamba la mahindi na maharage huko chini tambarare, upande wa Kahe. Kijana wake yuko kazini mbali. Baba akauza ndama, kijana akaongeza fedha, wakapata za kununulia gari moja lililokwisha tumika. Moja tu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kijana akasema, "Baba, nunua gari la juu. Umezeeka, uende kanisani na misibani kwa heshima." Mzee akajibu, "Mwanangu, heshima yangu iko bandani. Ng'ombe hawali heshima, wanakula majani." Mama alikuwa kimya. Kisha akasema, "Ninyi mnagombania gari, lakini hakuna aliyeniuliza mimi nitakaa wapi. Mguu huu nikipanda nyuma ya pikapu, nitashukaje?"

Basi, ndugu wasikilizaji, wote watatu walikuwa na haki. Hebu tulitazame jambo hili kwa hesabu.

Kwanza, uzito. Pikapu ya kawaida ya huku kwetu, kama Toyota Hilux ya milango miwili, hubeba karibu tani moja. Ile ya milango minne ina sanduku fupi zaidi, na ukitoa uzito wa watu tuseme inabakiwa na kilo 800. Gari la juu la ukubwa wa kati kwa kawaida halizidi kilo 600 au 700, na hapo dereva na abiria wamo katika hesabu. Wakiwamo watu watatu, tuseme umebakiwa na kilo 400.

Sasa chukua magunia 40 ya mahindi, kila moja kilo 100. Hizo ni tani 4. Pikapu ya milango miwili itakwenda safari 4. Ya milango minne itakwenda safari 5. Gari la juu litakwenda safari 10! Lakini lori la kukodi litakwenda safari moja tu. Kumbukeni hiyo safari moja ya lori, tutairudia.

Pili, aina ya mzigo. Majani ya ng'ombe na mabua ya mahindi si mazito sana, ila yanajaza. Yanataka sanduku lililo wazi, kamba na turubai. Samadi nayo, nani ataipakia juu ya viti vya kitambaa? Tena kuna jambo la hatari. Dawa za kunyunyizia kahawa na mboga, na mrututu pia, hazifai kusafirishwa pamoja na watu wala chakula ndani ya gari lililofungwa. Chupa ikivuja, mvuke wake wanauvuta watoto. Katika pikapu dawa hukaa nyuma, imefungwa vizuri, mbali na watu.

Tatu, njia. Vihamba vingi viko kati ya meta 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Barabara kubwa nyingine zina lami, lakini njia ya kuingia kwako ni udongo, na masika, Machi hadi Mei, inateleza kama sabuni. Hapa pikapu ina udhaifu wake: ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi, na magurudumu ya nyuma huzunguka bure katika matope. Gari la juu hugawa uzito wake vizuri zaidi. Kwa hiyo mwenye kupanda mlimani wakati wa mvua atafute gari linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, liwe pikapu au lisiwe. Na wakati wa kushuka na mzigo, tumia gia ndogo tangu juu. Usitoe gia gari lijiendee kwa kuokoa mafuta. Breki zikishapata moto, hazishiki tena.

Wengine wataniuliza, mbona husemi zile pikapu kubwa za Marekani, kama Ford F-150? Ni gari zenye nguvu, kweli. Lakini upana wake ni kama meta 2 bila vioo vya pembeni, na huko kwao usukani uko kushoto. Ukutane na mwenzio kati ya migomba na mfereji, nani atarudi nyuma?

Nne, watu. Hapa mama alisema kweli. Sanduku la pikapu si mahali pa kukaa watu, hata safari iwe fupi. Gari likiyumba, hakuna cha kuwazuia. Mgonjwa anayepelekwa KCMC usiku anahitaji kiti na mlango. Kwa hiyo pikapu ya milango miwili haitoshi kwa nyumba yenye mzee, mama na wajukuu.

Sasa, wale watu wa Majengo walifanyaje? Walinunua daftari kabla ya gari. Kwa miezi mitatu mzee aliandika kila safari ya nyumba ile, hata zile za gari la kukodi: amebeba nini, kiasi gani, watu wangapi, na nauli aliyolipa. Mwisho wakahesabu. Karibu kila juma kulikuwa na safari mbili za majani, samadi au ndizi, na safari moja ya watu. Mzigo mkubwa wa mahindi ulikuwa siku mbili tu katika msimu mzima.

Wakanunua pikapu ya milango minne. Siku za mavuno wanakodi lori. Mama anakaa mbele.

Lakini msinukuu jibu lao, nukuuni daftari lao. Jirani yao, mama mwenye duka na bustani ndogo ya mboga, naye aliandika. Aliona safari zake nyingi ni za watoto na bidhaa nyepesi. Kwake gari dogo la watu lilifaa, na mara moja moja anakodi kirikuu kubeba mbolea. Yule angenunua pikapu, angekuwa anazungusha sanduku tupu kila siku, na mafuta yanakwisha.

Na ikiwa daftari linaonyesha safari mbili tu kwa mwezi, ndugu yangu, usinunue gari bado. Kodi. Fedha hiyo iongeze ng'ombe au ivute maji shambani.

Ukiamua kununua, nenda na fundi unayemwamini. Alale chini ya gari atazame fremu kama ina kutu au imeungwa, hasa chini ya sanduku. Lijaribuni mlimani, msilijaribu kwenye lami tu. Linganisha namba ya chesisi na ile ya kadi. Na usimalize fedha zote siku ya kununua: bakiza za bima, matairi na matengenezo ya kwanza.

Ndugu wakulima, gari jipya kijijini husifiwa siku saba. Baada ya hapo linabaki wewe na gharama zake. Mwulize jirani gari lipi ni zuri, lakini gari lipi ni lako, liulize daftari. Na kabla ya kutoa fedha, mwulize mama atakaa wapi.