Vilima Vyetu na Maji Yetu: Habari za Nchi ya Bariadi



Yubile ni wakati wa kuhesabu mambo tuliyopewa. Basi leo twanena habari za nchi ya Bariadi, jinsi ilivyo na jinsi ilivyokuwa. Neno letu ni moja: kilima na bonde ni mwili mmoja, na mtu akiharibu kilima, ameharibu kisima cha jirani yake.

Tazameni kwanza nchi yenyewe. Juu yako mawe makubwa ya vilima. Karibu na mawe hayo pana udongo wa mchanga, ambao Wasukuma huuita luseni. Humo hustawi mihogo, karanga na viazi. Ukishuka utakuta itogolo, udongo mgumu wa malisho. Chini kabisa iko mbuga, yenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Wazee wetu hawakwenda chuoni kujifunza mambo haya. Hata hivyo kila udongo waliupa jina lake na kazi yake.

Mvua zetu huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, zikaendelea hata Mei, wala si nyingi sana. Maji yake hushuka mabondeni, na mengi huingia katika Mto Simiyu, utokao upande wa Serengeti na kwenda magharibi hata Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria. Ghuba hiyo ilipewa jina la Mwingereza John Hanning Speke, aliyeliona ziwa mwaka 1858. Mto wetu hujaa kwa ghafula wakati wa mvua. Kiangazi kikiwa kikali, watu hufukua mchanga wake wapate maji. Kilima chenye miti na majani huyashika maji, yakazama polepole. Kilima kilicho uchi huyaacha yakimbie, nayo huchukua udongo pamoja nayo.

Zamani nchi hii ilikuwa chini ya batemi wa Ntuzu, Dutwa, Kanadi na Itilima. Katika siku za Waingereza ilihesabiwa katika wilaya ya Maswa. Miaka ya 1920 na 1930 watu wengi wa Shinyanga na Maswa walifyeka mapori ili kuwafukuza mbung'o. Kazi hiyo ilikuwa na faida, kwa kuwa ng'ombe walipata malisho na watu wakapungukiwa na hatari ya malale. Lakini shoka halikupumzika. Mashamba ya pamba yakaongezeka, makundi ya ng'ombe yakaongezeka, na miti ikapungua. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, wengi waliacha nyuma malisho waliyokuwa wakiyatunza. Ndipo kina mama walipozidi kwenda mbali kutafuta kuni.

Hata hivyo nchi haikukosa dawa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Wakati ule Bariadi ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Wenye mpango huo waliona ya kuwa dawa ilikuwako tangu zamani, nayo ni ngitili. Ngitili ni mahali panapofungwa mvua zianzapo, majani yakue, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi, ng'ombe walapo hawana chakula kingine. Baraza la kijiji, yaani dagashida, huweka sheria zake na kumtoza faini avunjaye. Katika miaka michache maelfu mengi ya hekta yalifunikwa tena na miti, wala haikupandwa yote kwa mkono. Mingi ilichipua kutoka visiki vya kale, kwa sababu iliachwa ipumue.

Mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulianzishwa, na Bariadi ikawa makao yake makuu. Twafurahi kuona barabara, shule na nyumba mpya. Lakini mji unaokua wataka matofali, na matofali yataka kuni; wataka mkaa, wataka mawe na mchanga. Vitu hivi vyote hutoka vilimani na mtoni. Mji usipojiwekea mpaka, utakula mahali panapounywesha maji.

Kwa hiyo, ninyi waalimu, wapelekeni watoto mlimani, mshuke nao hata mbugani, wataje kila udongo kwa jina lake. Nanyi wazee, msiache ngitili zigawanywe kuwa viwanja kimyakimya. Neno hilo lipelekwe barazani, lisemwe mbele ya watu wote. Na kila nyumba inayochoma matofali ipande miti yake ya kuni.

Watakaokuja baada yetu nao watafanya yubile yao, nao watahesabu. Tuwaachie vilima vyenye miti, na visima vyenye maji.