Somo la Maji Kujaa na Kupwa

Wahitimu wa ualimu ambao hafla hii ni yenu:

Wasia mmekwisha kuusikia mwingi. Mimi nataka kuwaeleza somo moja tu la hisabu na sayansi, ambalo mwalimu wa skuli yoyote ya mwambao, hata asipopewa ila chaki na ubao, aweza kulisomesha pasina gharama.

Chagueni siku ambayo maji hujaa saa 12 asubuhi, ili kujaa huko kusiingie usiku mpaka nusu mwezi ipite, kisha kila mwanafunzi aandike saa ambayo maji yamekoma kujaa na alama yaliyoifikia katika nguzo ya gati (wala asiende mtoto peke yake, maana mkondo hauna huruma). Na zitakapotimia siku 15, atoe saa ya kila siku katika ile ya siku iliyofuata, afanye wastani, naye ataona mwenyewe ya kuwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Hapo ndipo mumuulize ni kitu gani huko angani kichelewacho kuchomoza kwa kadiri hiyo hiyo.

Mtoto wa mvuvi ajua tangu udogoni kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kitabu chasadiki, kwa kuwa siku hizo jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja. Lakini daftari la mtoto aghalabu litaonyesha kwamba maji makubwa kabisa yalikuja siku moja au mbili baadaye. Huo ni mtihani wa mwalimu, si wa mwanafunzi: ataifuta tarakimu ili kitabu kisifedheheke, au ataiacha, aeleze kuwa bahari, kwa uzito wake na msuguano wa sakafu yake, haiitikii mvuto papo hapo? Mimi naichukia sana raba katika somo hili.

Mtakaopangiwa bara, kijiti na kivuli chake cha adhuhuri vyatosha: Dodoma kivuli hicho hugeuka upande mwanzoni mwa Machi, na tena kabla Oktoba haijafika nusu.

Na mkaguzi akija akalikuta darasa tupu, huenda akaghadhibika. Mpeni madaftari ayasome, kisha mwelekezeni gatini.

Hongereni.