Jicho Hupimwa, Halikisiwi
Hotuba juu ya kuyatunza macho na kazi ya mpima miwani



Nimeombwa ninene nanyi habari za macho. Najua ya kuwa wengine wenu mmeacha mashamba na wengine mmeacha ngalawa ili mje kusikiliza, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Neno langu ni moja tu, nalo ni hili: mtu anayeona vibaya asikisie sababu yake, wala asikubali kukisiwa na jirani, na apimwe. Mengine yote nitakayosema ni kulieleza neno hilo.

Tutwae mfano wa bibi mmoja wa Makunduchi, ambaye tangu usichana wake hushona kofia za viua. Kila aliyepata kuishika kofia ya namna hiyo anajua jinsi viua vyake vilivyo vidogo, na jinsi kila kimoja kinavyozungushiwa uzi kwa subira. Bibi huyu alipopata miaka arobaini na mitatu, uzi ulikataa kuingia katika tundu la sindano. Kwanza alimwita binti yake amtungie. Kisha akawa hashoni illa mchana, tena barazani penye jua. Kisha akawa anaishika kofia mbali na uso, hata mkono ukawa hautoshi. Mwisho aliikunja kofia iliyokuwa nusu, akaitia sandukuni, na fedha aliyokuwa akiipata ikakatika. Majirani walimwambia, “Ndio utu uzima huo, mama.”

Maneno ya majirani nusu yake ni kweli na nusu yake si kweli. Kweli yake ni hii: nyuma ya mboni imo lenzi, kitu laini kilicho safi kama maji, nayo kazi yake ni kuukusanya mwanga. Katika ujana lenzi hii hubadili umbo lake upesi. Hufura kidogo tunapotazama kilicho karibu, na hurudi kuwa bapa tunapotazama mbali. Miaka inavyokwenda huzidi kuwa ngumu, na kadiri ya miaka arobaini huwa haiwezi tena kufura vya kutosha. Jambo hili huwapata watu wote, tajiri na maskini, aliyesoma na asiyesoma. Si maradhi, wala si mwanzo wa upofu.

Lakini lisilo kweli ni kudhani ya kuwa halina dawa. Kazi ile iliyoishinda lenzi ya jicho yaweza kufanywa na kioo kilichonenepa katikati, kikawekwa mbele ya jicho. Hiyo ndiyo miwani ya kusomea. Shirika la Afya la Dunia katika taarifa yake ya mwaka 2019 lilikadiria ya kuwa watu milioni 826 duniani wana upungufu huu wa kuona karibu nao hawajapata kusaidiwa. Basi yule bibi hayuko peke yake.

Huenda mtu akasema, miwani ni pambo la watu wa mjini, yatufaa nini sisi? Mwaka 2018 ilichapishwa habari ya utafiti uliofanywa Assam, katika Bara Hindi, juu ya wachumaji wa chai 751 waliokwisha timiza miaka arobaini. Waligawanywa mafungu mawili kwa bahati: fungu moja walipewa miwani ya kuonea karibu, na fungu la pili wakangojea mpaka utafiti ulipokwisha ndipo nao wakapewa. Chai yao ilipopimwa, kazi ya wenye miwani iliongezeka kuliko ya wenzao kwa kadiri ya asilimia 22. Watu ni wale wale, chai ni ile ile. Lililozidi ni kuona. Ikiwa hivyo kwa mchuma majani, je, mshona kofia, na msuka ukili, na mwalimu wa chuoni mwenye msahafu mbele yake?

Sasa niwageukie Waalimu. Yupo mtoto ambaye jicho lake huona vizuri kitabu kilicho mkononi, lakini ubao wa skuli kwake ni ukungu mtupu. Mtoto huyu hasemi ya kuwa haoni, kwa sababu hajui ya kuwa wenziwe wanaona zaidi. Hudhani ya kuwa ulimwengu ndivyo ulivyo. Mwalimu humwita mvivu, baba humwita mjinga, na mwisho yeye mwenyewe husadiki. Mtazameni mtoto anayefinya macho, au anayeinamisha kichwa upande, au anayenakili katika daftari la jirani yake badala ya ubaoni, au anayelalamika mara kwa mara kuumwa na kichwa. Kabla ya kumkaripia, mpimeni.

Kupima huko kwa mara ya kwanza si kazi ngumu. Mwaka 1862 daktari Mholanzi aitwaye Herman Snellen alitengeneza ubao wenye safu za herufi, kubwa juu na ndogo chini, ambao mtu huusoma akiwa mbali nao kwa meta sita. Kwa mtoto asiyejua kusoma iko karatasi yenye herufi E peke yake, iliyogeuzwa mara juu, mara chini, mara kulia, mara kushoto, na mtoto huonyesha kwa mkono upande zinapoelekea ncha zake. Funikeni jicho moja, kisha jingine. Sharti hili la kufunika ni kubwa, maana jicho zima huficha aibu ya jicho bovu. Na mwenye makengeza asingojewe akue, kwa maana ubongo huweza kuliacha jicho lile lisilotumika; na mtoto akisha pita miaka saba au minane, kulirejesha huwa kazi nzito.

Elimu hii ya macho haikuanza jana, tena watu wa dini yetu walikuwa na fungu kubwa ndani yake. Zamani wenye hekima wengi walidhani ya kuwa jicho hutoa miali yake ikaenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir ya kuwa mwanga ndio utokao katika vitu ukaingia jichoni. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa Ulaya. Na mwishoni mwa karne ya kumi na tatu miwani ya kwanza ikaonekana Italia.

Basi mpima macho ni nani? Watu wengi huwachanganya watu watatu. Wa kwanza ni daktari wa macho, ambaye hutibu maradhi na kupasua. Wa pili ni mpima macho, ambaye amefundishwa kujua upungufu wa kila jicho na kuandika nguvu ya kioo kinachohitajiwa. Wapimaji wa namna hii hufundishwa hata hapa kwetu Tanzania, katika spitali ya KCMC huko Moshi. Wa tatu ni fundi wa miwani, ambaye huchonga vioo kwa kufuata cheti cha mpimaji, akavitia katika fremu hata kitovu cha kila kioo kikawa mbele ya mboni sawasawa. Pengine mtu mmoja hufanya kazi mbili kati ya hizi, lakini kazi zenyewe ni mbali mbali.

Mpimaji mwema mtamjua kwa matendo yake. Huuliza kwanza: una umri gani, kazi yako ni nini, una sukari, yuko mtu wa jamaa yako aliyepofuka? Hupima kila jicho peke yake, huangalia ndani ya jicho kwa taa yake, na hukupa cheti chenye hesabu. Na la bora kuliko yote, akiona jambo lisilo la miwani hakuuzii miwani, bali hukupeleka kwa daktari. Hapo ndipo ilipo faida yake kubwa.

Miwani iuzwayo sokoni ikiwa tayari siikashifu yote. Kwa mtu aliyepungukiwa kuona karibu kwa sababu ya umri tu, na macho yake mawili yakawa sawa, yaweza kumfaa. Lakini vioo vyake viwili huwa na nguvu moja, na macho ya wengi hayako hivyo. Tena muuzaji hawezi kuona kilicho ndani ya jicho lako.

Na ndani ya jicho yaweza kuwamo mambo matatu ambayo kukisia kwake ni hatari. La kwanza ni mtoto wa jicho: ile lenzi huingia ukungu, na kila kitu huonekana kama kwa nyuma ya pazia. Hakuna tone wala miwani ya kuuondoa. Huondolewa kwa kupasuliwa, ikawekwa lenzi ya kutengenezwa mahali pake, na mara nyingi mtu hurudi kwake siku ile ile. La pili ni presha ya jicho. Hii haiumi wala haipigi hodi. Huanza kwa kula pembe za kuona, na mtu hajui mpaka anapojigonga mlangoni. Kilichokwisha potea hakirudi, lakini kilichobaki huweza kulindwa kwa dawa. Basi mwenye mzazi au ndugu aliyepatwa nayo asikose kupimwa. La tatu ni sukari, ambayo huharibu mishipa midogo nyuma ya jicho. Mwenye sukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Nina neno moja la kuwaomba Wazee wangu, nami nalisema kwa heshima. Jicho likiwa jekundu au likipata kidonda, msitie maji ya majani, wala asali, wala maziwa, wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Utafiti uliofanywa Tanzania bara na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta ya kuwa karibu robo ya wagonjwa wenye vidonda katika kioo cha jicho walikwisha tia dawa za kienyeji. Osheni kwa maji safi, mkamfikishe mgonjwa kituo cha afya siku ile ile.

Na ya kujikinga ni machache. Nyuso za watoto zioshwe, nzi wasipate mahali pa kutua. Wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani, na wavuvi wa Nungwi, hupigwa na jua mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Na wavae kofia pana, na miwani ya jua ikipatikana. Mchoma vyuma asifanye kazi bila kinga ya uso. Watoto wacheze nje mchana, wasiinamie simu kutwa, maana kucheza nje hulilinda jicho lisipungukiwe kuona mbali. Na mchicha, papai, maembe na samaki visikose katika chakula.

Nitamaliza kwa maombi matatu. Waalimu, mwanzo wa kila mwaka pimeni macho ya watoto wenu, na atakayeshindwa aandikiwe barua kwa mzazi wake. Masheha, watajeni katika mikutano yenu wazee waliofungiwa ndani kwa sababu hawaoni, ili wapelekwe Mnazi Mmoja au kituo kilicho karibu wakaangaliwe. Maana huenda wengine wao wana mtoto wa jicho tu. Na kila mmoja wetu aliyetimiza miaka arobaini na apimwe, hata kama hana shaka.

Yule bibi wa mfano wetu kofia yake ingali sandukuni. Haikuharibika, wala mikono yake haikusahau. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia, “Mama, usikisie, twende tukapimwe.” Mtu huyo leo na awe mmoja wenu.