Mbwa wa Kuwinda: Ukoo wa Kazi na Ukoo wa Maonyesho

Leo twataka kutazama namna ya kuchagua wazazi wa mbwa wa kuwinda, nasi tutachukua mfano wa mbwa mwekundu wa Ireland aitwaye seta.

Kazi ya seta ni hii. Hukimbia mbele ya mwindaji akikata upepo huku na huku, pua juu. Akipata harufu ya kwale aliyejificha majanini husimama ghafula, wala hamrukii, mpaka bwana wake afike na bunduki. Tabia hiyo haitokani na mafunzo peke yake. Mbwa huzaliwa nayo, na mafunzo huinyosha tu.

Mwaka 1859, mjini Newcastle huko Uingereza, yalifanywa maonyesho ya mbwa ambayo watu huyahesabu kuwa ya kwanza. Walioletwa ni seta na pointa tu, na washindi walipewa bunduki. Ajabu yake ni kwamba hapana mbwa aliyetakiwa kumnusa ndege hata mmoja! Mwaka 1865 yakaanza mashindano ya porini huko Southill, ili mbwa wapimwe kwa kazi yao. Tangu hapo njia zikawa mbili.

Mimi siwalaumu waamuzi wa maonyesho. Miguu iliyonyoka na kifua kipana ni vitu vyema. Lakini pua njema haionekani kwa macho. Husimuliwa habari za Palmerston, dume wa Ireland wa miaka ya 1860, kwamba bwana wake aliamuru azamishwe majini kwa kuwa alikuwa mnyonge mno kwa kazi ya porini. Mtu mwingine akamwomba, akampeleka kwenye maonyesho, akashinda. Na majike wengi wakaletwa kwake wapandwe.

Huko Marekani seta wekundu walipendwa mno kwa uzuri: mwili mkubwa, manyoya marefu, rangi iliyokoza. Kufika miaka ya 1940 ilikuwa shida kumpata mmoja awezaye kushindana porini na mbwa wa aina nyingine. Hapana aliyekusudia kuipoteza pua. Ila mfugaji asipoipima, mwenye pua mbovu huzaa sawasawa na mwenye pua njema, madhali wote wawili wana manyoya mazuri. Na kila kizazi kikapungua kidogo.

Ndipo Ned LeGrande wa Pennsylvania na wenzake wakawatafuta wachache waliobaki na kazi damuni. Hawakutosha. Kwa idhini ya wenye kitabu cha nasaba cha mbwa wa porini, wakachanganya damu ya seta wa Kiingereza. Wakapatikana mbwa wadogo, wepesi, wenye kusimamia ndege barabara. Watu wa maonyesho hawakupendezwa, maana kwao hiyo haikuwa damu safi. Mwaka 1975 chama chao kiliomba mbwa walioandikwa katika kitabu kile wasipokewe tena na American Kennel Club, na ombi likakubaliwa.

Mtu atakaye mbwa wa kukaa naye barazani hatapata hasara kwa ukoo wa maonyesho. Lakini wewe mwindaji, ukiletewa mtoto wa mbwa pamoja na karatasi ya nasaba iliyojaa tuzo, soma vizuri tuzo hizo ni za wapi. Kisha mwombe mwuzaji akuchukue porini alfajiri, ukamwone mama yake akifanya kazi.