GEMU LISILO NA HURUMA

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Mkula, mkoani Simiyu)



Leo naanza na swali. Magemu ya magari yako mengi, na kila mwaka yanatoka mengine yenye picha kali zaidi. Sasa kwa nini gemu la mwaka 2004 bado lina wapenzi mpaka leo? Linaitwa Richard Burns Rally. Limepewa jina la dereva Mwingereza aliyeshinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1998 na tena mwaka 2000, halafu akawa bingwa wa dunia wa rali mwaka 2001. Picha zake zimeshapitwa na wakati. Lakini wapenzi wake hawajaliacha, tena wamelitengenezea wenyewe njia mpya na magari mapya.

Siri yake ni nini? Halidanganyi! Kwenye magemu mengi ukigonga ukuta unarudi nyuma kidogo, unaendelea kukimbiza. Hapa hamna. Ukigonga vibaya, rejeta inapasuka, injini inachemka, mashindano yamekwisha. Ndiyo maana ndani yake kuna shule ya udereva: jifunze kwanza, ndipo ushindane. Anayefika mwisho wa njia salama anajua kweli amefanya kazi. Raha ya namna hiyo haichuji upesi.

Gemu hili linafuata sheria zilezile mnazosoma kwenye fizikia. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unakuwa mara nne. Si mara mbili, mara nne! Pikipiki inayokwenda kilometa 80 kwa saa inapita mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kuangalia simu, mita 22 zimekwenda bila macho.

Lipo jambo jingine. Katika rali abiria hanyamazi. Msoma njia wa Burns aliitwa Robert Reid, na sauti yake imo ndani ya gemu: anataja kila kona kabla hawajaifikia. Dereva bingwa wa dunia anamsikiliza abiria wake! Je, wewe unayepanda bodaboda kutoka Lamadi, mmebanana mishikaki watu watatu, unasema nini dereva akizidisha mwendo? Wengi tunanyamaza, eti tutaonekana waoga. Sema: "Kaka, punguza mwendo." Akikataa: "Nishushe hapa hapa." Hiyo ni haki yako.

Lakini gemu hili, pamoja na ukweli wake wote, kitu kimoja halionyeshi: mwili wa dereva. Linapima matairi na injini. Halipimi usingizi, pombe wala homa. Novemba 2003 Burns mwenyewe alipoteza fahamu akiwa anaendesha gari barabarani, akielekea kwenye mashindano kwao Uingereza. Alikutwa na uvimbe kwenye ubongo, akafariki Novemba 2005 akiwa na miaka 34. Mwili ukikataa, hata ubingwa haushiki usukani. Kwa hiyo dereva akinuka pombe au akisinzia, usipande. Na wewe ukisikia kizunguzungu, usiguse pikipiki. Nenda hospitali.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ni nani? Ni sisi.

Basi, ukipata nafasi ya kucheza, cheza, furahi. Halafu chukua somo lake uende nalo kwenye barabara ya Mwanza–Musoma: vaa helmeti na uifunge mkanda, kataa mishikaki, fungua mdomo. Kwenye gemu, ukiharibu unabonyeza na kuanza upya. Barabarani kitufe hicho hakipo.

Nani ana swali?