Miti ya Uani Kabla ya Masika

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mvua za upepo mkali katika kanda ya Ziwa Victoria, fikira zetu huelekea kwenye mabati, ilhali hatari aghalabu imesimama uani. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako upepo wa ziwani hukutana na joto la nchi kavu wakati wa alasiri, ukazaa radi na mvua ya mawe, mkaratusi uliopandwa karibu na ukuta kwa tamaa ya kuni na kivuli hatimaye hulipita paa kimo.

Basi kabla ya Machi, na tena kabla ya Oktoba, mwenye nyumba na auzunguke mti wake kwa utulivu, atazame kama pana uyoga au uozo shinani, na kama udongo umepasuka upande mmoja. Na ikiwa mizizi ilikatwa wakati wa kuchimba msingi, ajue ya kwamba upande huo mti hauna nanga.

Tawi kavu likatwe kwa taratibu yake: msumeno uanzie chini, mbali kidogo na shina, kisha juu, ili tawi lisichune gome likianguka. Kukata kilele chote, kama wengi wafanyavyo, ni dhuluma kwa mti na hadaa kwa mwenyewe, maana machipukizi yafuatayo huwa mengi na mshiko wao dhaifu. Ama mti uliofikia nyaya za umeme, panga lisiukaribie kabisa. Waitwe mafundi wa TANESCO.