Soga za Mafundi wa Fotokopi

Leo tunazungumzia ujuzi wa kazi, na njia unayopita kutoka kichwani mwa mfanyakazi mmoja hadi kwa mwenzake.

Miaka ya 1980, kampuni ya Xerox ya Marekani ilikuwa na mafundi waliozunguka kwenye ofisi za wateja kutengeneza mashine za fotokopi. Walipewa vitabu vya maelekezo: ukiona alama hii ya hitilafu, pima hapa, badilisha kifaa kile. Mtaalamu wa anthropolojia wa kampuni hiyo, Julian Orr, akaamua kufuatana nao. Kumbe mashine hazisomi vitabu! Orr anasimulia kisa cha fundi na bingwa wake waliokabili mashine iliyotoa alama isiyolingana na ubovu wake. Kitabu kiliwafikisha ukutani. Wakaanza kusimuliana visa vya mashine nyingine walizowahi kushughulikia, kisa kikizaa kisa, mpaka ubovu ukajulikana.

Orr aliona pia kwamba mafundi walipenda kula pamoja, na mezani mazungumzo yao yalikuwa mashine tupu. Bosi akipita hapo angesema wanapiga soga. Ni kweli walikuwa wanapiga soga, na darasa lao lilikuwa hapohapo.

Miaka ya 1990 Xerox ilitengeneza mfumo wa kompyuta uitwao Eureka, ulioanza kutumika Ufaransa. Fundi aliandika mbinu aliyoigundua, mafundi wenzake wakaipima, na ilipofaa ilihifadhiwa pamoja na jina lake. Wazo la kulipa fedha kwa mbinu, mafundi wenyewe walilikataa, wasije watu wakashindania wingi badala ya ubora. Jina lilitosha.

Sasa tugeukie kazini kwako. Yupo karani wa stoo ambaye akiugua, hakuna anayejua vipuri viko rafu gani. Tunamwita mchoyo. Mimi simlaumu upesi: pengine amewahi kuona mwenzake akifundisha kijana kazi, kisha kijana akapewa kiti na mwalimu akapewa barua. Mtu wa namna hiyo humfungui mdomo kwa semina.

Kwa hiyo meneja unayenisikiliza, kabla hujaagiza mwongozo mwingine, kaa nao wanapokunywa chai. Ukisikia mbinu nzuri, uliza nani aliigundua, na ukiipeleka kwa wakubwa, ipeleke kwa jina lake.